Mgeni Njoo na Nyama Yako

Wadau, kwanza samahani kwa kimya. Kazi zilinizidi, chumba cha habari hakina huruma, na kila nilipotaka kuandika kitu hapa usingizi ulinishinda. Leo nimerudi, tena nimerudi na hasira kidogo. Aliyekuja kutafuta siasa avumilie mpaka wiki ijayo. Leo naongelea nyama choma.

Kilichoniamsha ni kadi. Binamu yangu anaoa (hongera zake, nampenda, na mke mtarajiwa ni dada mstaarabu kabisa), na wiki mbili zilizopita nimeletewa kadi ya mchango. Kadi nzuri, ina utepe, maandishi ya rangi ya dhahabu. Ndani yake: mtu mmoja shilingi 100,000, mtu na mwenzake shilingi 180,000. Halafu tarehe ya mwisho, halafu namba ya simu ya mweka hazina. Ni kadi ya nne kwangu ndani ya mwezi mmoja. Nilikaa nikazijumlisha zote nne, nikakuta zinazidi kodi ya chumba changu ya miezi miwili.

Ningelipa nikanyamaza, kama kawaida yetu. Lakini binamu huyuhuyu ndiye aliyenicheka mwaka 2023 kwenye kundi la ukoo la simu, nilipotuma picha za nyama choma niliyoandaa nikiwa likizo Bondeni, yaani Afrika Kusini. Niliandika chini ya picha kwamba kila mgeni alikuja na nyama yake. Binamu akajibu: "Yaani unamwalika mtu kwako halafu anabeba nyama yake mwenyewe? Hao wachoyo. Sisi Waafrika tuna ukarimu bwana." Watu wakacheka, shangazi mmoja akaweka alama ya kusikitika, mimi nikakaa kimya. Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na kwa kuwa kadi yake imenifuata mpaka mlangoni, nalitoa hadharani.

Nianze na ilivyokuwa.

Septemba 2023 nilichukua likizo ya siku 10, nikaenda Johannesburg. Mtanzania haombi viza kwenda kule kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na ndege kutoka Dar ni kama saa tatu na nusu tu, kwa hiyo msidhani nimekuwa tajiri. Malazi yalikuwa ya bure: mshikaji wangu wa tangu sekondari anafanya kazi kule, amepanga kijumba cha uani mtaa wa Kensington, upande wa mashariki wa jiji. Uani kuna mti mkubwa, ukuta mrefu kama ilivyo desturi ya jiji lile, na pembeni pipa la chuma lililokatwa katikati kwa urefu, limewekewa miguu na wavu juu. Ndilo jiko la kuchomea nyama.

Jamaa zake walinitembeza sana. Walinipeleka Soweto, walinipeleka makumbusho, walinilipia teksi, walinicheka nilipoogopa kuvuka barabara. Ilipokaribia siku ya kuondoka nikaona haifai kuondoka mikono mitupu. Nikamwambia mwenyeji wangu: Jumapili nawafanyia watu nyama choma hapa uani. Wote waje, mimi ndiye mwenyeji.

Jumapili hiyo ilikuwa Septemba 24. Kwa wasiojua, tarehe hiyo kule ni sikukuu ya taifa, Siku ya Urithi. Lakini watu wengi wanaiita siku ya braai. Braai ni neno la Kiafrikana, maana yake ni kuchoma nyama, na pia ndiyo jina la shughuli yenyewe. Mwaka 2005 bwana mmoja aitwaye Jan Scannell alianzisha kampeni ya kuwahimiza watu wote wa nchi ile, wa rangi zote, wawashe moto siku hiyo wale pamoja. Mwaka 2007 Askofu Mkuu Desmond Tutu akakubali kuwa mlezi wa kampeni hiyo. Wapo wanaoipinga, wanasema kupunguza urithi wa taifa mpaka ukawa kipande cha nyama ni dharau. Hoja yao ina uzito, hasa ukikumbuka kwamba kwa Wazulu tarehe hiyo ni siku ya kumkumbuka mfalme Shaka. Lakini moshi niliouona ukipanda kila uani Jumapili ile haukuwa na habari na mabishano hayo.

Basi nikafanya kama nilivyolelewa. Watu walikuwa wakiuliza kwenye simu, "Tulete nini?" Nikawajibu, "Njooni na matumbo tu!" Jumamosi nikaenda bucha. Nikanunua kilo sita, ng'ombe na kondoo, nikanunua kuku wawili, vinywaji, mkaa, kuni, vitunguu, nyanya, ndimu. Nilitumia zaidi ya rand elfu moja na mia tano. Niliporudi nikahesabu kilichobaki, nikagundua kwamba siku tatu zilizobaki nitakula mkate na chai, na zawadi ya mama nimeshaichoma kabla moto haujawashwa. Usiku ule watu waliangalia raga, timu yao ikafungwa na Ireland 13 kwa 8 huko Paris. (Baadaye, Oktoba 28, walitwaa kombe lenyewe, lakini usiku ule hakuna aliyelijua hilo.) Mimi sikuangalia. Nilikuwa jikoni nakatakata nyama ya mishkaki peke yangu mpaka saa saba.

Jumapili saa saba mchana wakaanza kuingia. Wa kwanza na mkewe, wamebeba deli la vinywaji na mfuko wa nyama. Wa pili na boerewors, ile soseji yao ndefu iliyojikunja kama konokono. (Msiichukulie mzaha: kwa sheria ya kwao lazima iwe na nyama angalau asilimia 90, na mafuta yasizidi asilimia 30. Sisi soseji zetu nani anazipima?) Wa tatu na unga wa mahindi wa kusongea pap, ambayo ni ugali, na bakuli la chakalaka, mchuzi wa mboga na maharage wenye pilipili. Wa nne hakuwa na nyama, alikuwa na fungu la kuni begani. Kila aliyeingia alikuwa na kitu.

Ndugu msomaji, nilikasirika. Nawaambia ukweli. Niliona nimetukanwa. Nimewaambia njooni na matumbo, mnakuja na mabegi? Mnaona siwezi kuwalisha? Nikaanza kuwazuia mlangoni: "Hapana, hapana, rudisheni kwenye gari, chakula kipo!" Wakadhani natania. Mwingine akaniuliza mwenyeji wangu kwa sauti ya chini kama wamenikosea.

Hapo ndipo akaingia mzee mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa miaka kama 60. Mshikaji wangu akamwamkia, "Shikamoo mzee." Yule mzee akajibu, "Marahaba, kijana." Nikageuka. Kiswahili! Kumbe ujana wake ameupitia Mazimbu, pale Morogoro, kwenye shule ya Solomon Mahlangu ambayo chama cha ANC kiliijenga kwenye ardhi waliyopewa na serikali yetu miaka ya sabini, wakati kwao hakuingiliki. Leo pale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mzee alikuwa na mfuko wa vipande vya kondoo mkononi, na mimi bado nimesimama mlangoni kama polisi. Akaniangalia, akasema taratibu, Kiswahili chake kimepata kutu lakini kinaeleweka: "Kijana, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hiyo mlinifundisha nyinyi. Sasa unaninyang'anya jembe?"

Nikampisha.

Hapo ndipo nyama choma ilipoanza kweli. Kuni ziliwashwa, na hakuna aliyeharakisha, maana kule hawaweki nyama mpaka kuni zimekuwa makaa, na hiyo ni saa nzima ya kusimama, kusogoa na kunywa. Moto ndiyo shughuli yenyewe. Aliyeleta kuni ndiye aliyeshika koleo, na ukitaka kugombana na Mswazulu au Kaburu mguse koleo lake. Mwenye unga alisonga pap. Mishkaki yangu ilishangiliwa, kachumbari yenye ndimu ikaisha kabla ya nyama. Walioanza siku wamenuna kwa ajili ya Ireland walimaliza wakiimba. Mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kualika watu, nilikaa kwenye kiti. Nilikula nyama ikiwa ya moto. Niliongea na wageni wangu sentensi nzima mpaka mwisho bila kukimbilia jikoni. Jioni kila mtu aliosha alichotumia, na nusu ya zile kilo sita zilibaki kwenye jokofu. Ndizo nilizokula zile siku tatu.

Nimeisimulia kirefu makusudi. Sasa nije kwenye hoja.

Ukarimu wetu tunaojisifia una mtu anayeulipia, na mara nyingi si yule anayesifiwa.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, na baba akisoma hapa anisamehe. Mwaka 2009 dada yangu alipata kipaimara. Nilikuwa darasa la sita. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, na mnajua mshahara wa mwalimu. Alialika walimu wenzake, majirani, ndugu kutoka vijiji viwili. Akachukua mbuzi wawili kwa mkopo, kreti za soda kwa mangi zikaandikwa kwenye daftari, mchele gunia. Wageni walikula, wakanywa, wakasema, "Mwalimu, leo umetufanyia." Baba alitabasamu mpaka usiku.

Mama sikumwona mchana kutwa. Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye mafiga, macho mekundu kwa moshi, yeye na mama mdogo na msichana wa jirani. Wageni walipoondoka nilimkuta amekaa kwenye kigoda anakula ukoko. Nyama ilikuwa imekwisha.

Januari dada alitakiwa kuanza kidato cha kwanza. Enzi hizo ada ya sekondari za serikali ilikuwa bado inalipwa, ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Pesa ya ada na sare baba alikuwa ameshamlipa mwenye mbuzi. Dada aliripoti shule wenzake wakiwa wiki ya nne. Hakuna hata mmoja kati ya wale wageni aliyejua kwamba alichokula Desemba ilikuwa ni wiki nne za masomo ya mtoto ambaye sherehe ilikuwa yake. Wangejua wangeletaje nyama? Hakuna aliyewaambia walete. Tungewaambia, tungeonekana wachoyo.

Na mimi, mtoto niliyeyaona hayo kwa macho yangu, miaka 14 baadaye niko Johannesburg najinunulia sifa zilezile kwa hela ya zawadi ya mama yuleyule. Ugonjwa huu unarithiwa jamani.

Najua kuna mtu hapo anasema: lakini sisi pia tunachangiana! Kadi ya binamu yako si mchango? Sasa unalalamika nini?

Swali zuri, na ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Kule uani kila mtu alileta alichoweza, na karamu ikawa ya ukubwa wa tulichonacho. Huku kwetu kamati inakaa kwanza, inapanga karamu ya ndoto: ukumbi, mapambo, keki ya ghorofa, mshereheshaji, magari. Halafu bei ya ndoto inagawanywa, tunaletewa kadi. Mimi sikuulizwa kama nataka ukumbi wa viti mia nne. Naambiwa tu kiasi changu. Nisipofikisha, kadi ya kuingilia sipati, hata kama bwana harusi tumeoga naye mtoni tukiwa watoto. Kundi la simu linatangaza nani kalipa, nani bado, na "wadau tukumbushane." Huo ni ushuru wenye utepe. Halafu siku yenyewe mwenye harusi anaonekana tajiri kwa hela za watu ambao wengine wamekopa.

Kwa hiyo mwenye karamu ya kwetu ana njia mbili tu: ama abebe mzigo peke yake mpaka mgongo uvunjike, kama baba, ama awabebeshe wengine mzigo wasioupanga, kama binamu. Ile njia ya tatu, ya kila mtu kuja na mfuko wake mdogo na kukaa chini tukala, hiyo tunaiita uchoyo.

Sisi waandishi tungetakiwa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana tunajua chakula cha bure kina bei. Tunaalikwa kwenye mikutano na waandishi wa habari, tunalishwa kuku na soda baridi, tunapewa bahasha, na jioni ukikaa kuandika unaona kalamu imekuwa nzito upande mmoja. Anayekulisha peke yake amekuweka chini yake kidogo, hata kama hakukusudia. Uliyekula naye mkiwa mmechanga wote mnabaki sawa. Mzee wa Mazimbu alilijua hilo kuliko mimi. Mtu aliyeishi ukimbizini, akila cha wenyeji mwaka baada ya mwaka, anajua thamani ya kupewa jembe.

Sasa nijibu pingamizi, maana nazijua.

La kwanza: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Si kweli. Nimeyaona kwa Wazulu, kwa Wasotho, kwa Makaburu, kwa Wahindi wa Durban. Mitaa ya Waafrika kule ina shisa nyama, na neno lenyewe ni la Kizulu ambalo hata wewe unalielewa nusu: unanunua nyama yako buchani, inachomwa palepale, mnakula pamoja. Tofauti na kwetu iko wapi? Bucha la pembeni ya baa tunachagua paja, tunapimiwa, tunachanga, tunakula sahani moja, na hakuna anayemwita mwenzake mchoyo. Mbona nyama ileile ikivuka geti la nyumba ya mtu inabadilika kuwa aibu? Na hata lugha yetu inatusuta. Waswahili wa pwani wana neno kikoa: watu kula shirika, kwa kuchangiana au kwa zamu. Kama ni jambo la Wazungu, neno hilo lilitoka wapi? Hata ile methali ya jembe, Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa anaeleza Ujamaa ni nini, kuonyesha kwamba jamii ya jadi haikulea mtu wa kula bila kuweka mkono wake. Uafrika unaosema mgeni asiguse kitu ni wa juzi, umezaliwa na mishahara na majirani wa kuwaonyesha.

La pili: "Na asiye na kitu je?" Hili ndilo linaloniuma zaidi, na sitalikwepa. Yule aliyeleta kuni Jumapili ile hakuwa na kazi, niliambiwa baadaye. Kuni alizikata mwenyewe kwenye mti ulioanguka. Alikaa kwenye moto mchana kutwa, akawa ndiye mtu muhimu kuliko wote pale uani, na alikula kila kitu kama sisi. Hakuna aliyemhesabia. Mwambie huyo mtu aje kwenye harusi ya binamu yangu na fungu la kuni! Karamu ya kila mtu na mfuko wake ina nafasi ya asiye na kitu, maana mfuko unaweza kuwa wa ndimu, unaweza kuwa mikono miwili ya kuosha vyombo. Kadi ya shilingi 100,000 haina nafasi hiyo.

La tatu: "Utapoteza baraka za wageni." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naikubali methali hiyo kwa moyo wote. Lakini isome tena. Mwenyeji apone. Mama yangu hakupona mwaka ule.

Kwa haki, niseme na ubaya wa kule, nisije nikaonekana nimerudi na lafudhi ya Bondeni. Nimeona braai nyingine ambapo kila mtu anajua kipande chake ni kipi, na ole wako uguse cha mwenzako. Huo ni uchoyo kweli, na hapo binamu angekuwa sahihi. Nyama ikishafika mezani ni ya wote, vinginevyo bora kila mtu ale kwake. Pia wanaume wa kule wanajisifu kwamba wao ndio wapishi siku hiyo, kumbe wamesimama na koleo na chupa, huku wanawake wamesonga pap, wamekata saladi na wamekwisha kufikiria vyombo. Dada mmoja aliwasema palepale, mbele ya moto: "Nyinyi mnachoma, sisi tunapika." Walicheka, lakini jioni ile niliwaona wamesimama kwenye karo wanaosha. Hata moto wa pamoja unahitaji mtu wa kusema.

Basi nataka nini? Sitaki tufute harusi. Sitaki mgeni aliyesafiri siku nzima kutoka Kigoma aulizwe kabeba nini. Msibani tuendelee kupeleka unga na maharage na mikono yetu kama tulivyofanya siku zote, huko bado tuna akili. Ninachotaka ni kitu kidogo: anayealika nyumbani kwake awe na ruhusa ya kusema "njoo na nyama yako" bila kuonekana amefilisika, na anayealikwa awe na ruhusa ya kuuliza "nilete nini?" na kupata jibu la kweli. Jibu la "njoo na tumbo tu" liwe ni kwa mwenye uwezo huo, lisiwe ni la mwalimu mwenye ada ya mtoto mfukoni. Na kamati ya harusi ianze kwa kuuliza tunacho nini, ndipo ipange ukumbi.

Mimi nimeshaanza. Krismasi iliyopita niliwaalika washikaji sita chumbani kwangu, ua tunachangia na wapangaji wengine wanne. Niliandika ujumbe mara tatu nikaufuta mara tatu, nimeona aibu kama mtu anayeomba hela. Mwishowe nikautuma: moto na ugali ni wangu, nyama kila mtu aje nayo. Wawili hawakuja, na mmoja wao nasikia ananisema. Wanne walikuja. Wapangaji wakaona moto, wakatoka na vyao: mama wa chumba cha mwisho akaleta ndizi, tukazichoma. Mama yangu alikuwa mjini kwa matibabu ya macho, nikamwalika naye. Aliniuliza kwenye simu, "Nije nianze kupika saa ngapi?" Nikamwambia, "Hupiki, mama. Njoo na kachumbari tu." Alikaa kwenye kiti. Alikula kipande cha kwanza kutoka kwenye wavu, kikiwa bado kinachuruzika.

Binamu nimemjibu juzi. Nimemwandikia kwamba shilingi 100,000 sina, lakini nitakuja siku mbili kabla na mbuzi nusu na mikono yangu, nitachoma mpaka mgeni wa mwisho ashibe, na ukumbini siingii kama hakuna kiti. Ameusoma, alama mbili za bluu naziona. Mpaka naandika hapa hajajibu.

Haya wadau, hayo ndiyo yangu. Wiki njema.